Kemi, Hadithi Zako za Picha Nilisema ni Zangu

Kemi,

Nakuandikia nikiwa Kashai kwa dada yangu, katika chumba chake cha nyuma ya duka. Nimekuja leo asubuhi na basi kutoka Muleba, na kesho nitapanda bodaboda hadi Kahororo kwa mama yako. Kuna jambo sina budi kumwambia, na nimeona si haki alisikie yeye kabla yako. Najua marehemu hasomi barua. Lakini mimi ni mwalimu, na kitu nisichokiandika huwa sikielewi vizuri.

Nilikuonea wivu, Kemi. Nimelizungukazunguka neno hili tangu asubuhi, nikamenya ndizi za dada, nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Sasa nimeliandika. Nilikuonea wivu miaka yote minne tuliyofundisha pamoja, na hata baada ya kukuzika bado ninakuonea.

Pale chuoni mimi ndiye niliyekuwa mbele. Wewe ulinakili notisi zangu asubuhi ya mtihani, mahindi ya kuchoma mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, na pembezoni mwa daftari langu ukachora mkufunzi wetu akiwa amesinzia. Nilikukasirikia kwa kunichafulia daftari. Tulipomaliza mimi niliitwa mbele kupewa zawadi, wewe ukanipigia makofi kuliko wote. Kisha ukapangiwa kisiwani, mimi nikapangiwa shule ya karibu na barabara kuu, nikakuonea huruma. Ile huruma ilikuwa tamu. Leo naweza kukiri hivyo.

Ukahamia shuleni kwetu baada ya miaka mitano, na katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba. Walimu wengine wanapohama huja na godoro kwanza, wewe ulitanguliza katoni. Ndani mlikuwa na vijitabu vya karatasi za manila, umevishona kwa uzi wa magunia ya kahawa. Kila kimoja kurasa nane, picha moja kila ukurasa, na mistari miwili mitatu chini yake.

Ukanieleza wakati wa chai, ofisini. Kule kisiwani kitabu cha darasa kilikuwa na habari ya mkulima aliyepogoa kahawa yake. Watoto wa wavuvi waliisoma bila kukwama hata neno moja. Ulipowauliza mkulima alikuwa anafanya nini, mmoja akasema anaparua samaki. Hawakuwa wajinga. Hawakuwahi kuona mti wa kahawa maishani mwao. "Wanasoma, Jasinta," ulisema, "lakini hakuna kinachoingia, maana hakina pa kushikia." Basi ukakaa ukachora hadithi ya bibi na mjukuu wake kwenye kibanja chao, mti wa kahawa, matawi yaliyozeeka, msumeno mdogo, chipukizi jipya. Ukawasomea siku moja kabla ya somo. Kesho yake walipofungua kitabu, hukuwa na kazi kubwa ya kufanya.

Niliitikia kwa kichwa nikanywa chai yangu. Moyoni nilisema, huyu alikuwa ananakili notisi zangu.

Mwalimu Mkuu akakupa darasa la tano mkondo B, mimi nikabaki na A. Ukuta mmoja kati yetu, na ukuta ule haufiki juu. Nilikuwa nafundisha huku nasikia watoto wako wakinyamaza, wakinyamaza kabisa, halafu wote kwa pamoja wakavuta pumzi ukigeuza ukurasa. Wangu walikuwa wanaandika kutoka ubaoni, na masikio yao yalikuwa upande wako. Nilikuwa nagonga ubao kwa chaki mpaka inakatika.

Halafu Alinda akafika darasa la tano. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akaandikwa mkondo B. Nilijaribu kumhamisha. Mwalimu Mkuu akasema haifai mtoto afundishwe na mama yake, na alikuwa na haki. Tangu siku ile nyumbani kwangu kulikuwa na mtu wa tatu mezani. Madam Kemi amesema jangwani usiku kuna baridi. Madam Kemi amesema theluji haina harufu. Nikimwambia jambo lile lile mimi, alikuwa anasema, "Ngoja nitamuuliza Madam." Mimi nilimfundisha mtoto yule kusoma, kwa kidole changu, neno kwa neno, kabla hajaanza shule. Na sasa kila alichokijua kilikuwa na jina lako.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Sijui kama uliwahi kujua. Mwezi wa tatu mwaka jana nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu peke yangu, nikafunga mlango, nikamwambia mwenzangu wa mkondo B anapoteza vipindi kwa michoro. Nikasema watoto wa darasa la tano si wa chekechea. Nikasema azimio lake la kazi liko nyuma wiki mbili, na hilo lilikuwa kweli, lakini langu pia lilikuwa nyuma wiki moja na sikulitaja. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeionea shule uchungu.

Alikuita siku iliyofuata. Ukatoka ofisini kwake ukiwa umeshika kijitabu kimoja kifuani. Ukaniambia tu, "Nimeambiwa hadithi zisiingie kwenye vipindi." Nikakujibu, "Pole, waitu." Nilikuita wa kwetu nikakupa pole, Kemi. Nilikutazama machoni nikakupa pole.

Ukazihamishia saa kumi, baada ya masomo, barazani upande wa tangi la maji, kwa mtoto anayetaka. Nilidhani hakuna atakayebaki, wana maji ya kuchota na mbuzi wa kufungua. Walibaki. Alinda aliniambia ana mazoezi ya kwaya, na mimi nikafurahi kwamba angalau yeye hayupo kwenye lile kundi lako.

Mwaka huu tukapanda na watoto wetu hadi darasa la sita, na wewe ukaanza kuumwa. Wiki saba tu. Nilikuja hospitali mara mbili, na mara zote mbili nilikuta kitanda kimezungukwa na watu, wazazi wa watoto, mwanamke mmoja aliyevuka ziwa na samaki wakavu kwenye kikapu. Nikasimama miguuni pako nikafikiri, mimi nikiugua atakuja nani? Ona nilivyokuwa. Hata ugonjwa wako niliutazama kama kitu ulichopewa wewe nikanyimwa mimi. Mara ya mwisho ulinishika kidole, mkono ulikuwa hauna nguvu ya kushika zaidi ya hapo, ukasema, "Watoto wangu wachukue wewe. Wasipewe mgeni." Nikasema usiwaze, utarudi. Likizo ya mwezi wa sita tukakuzika kwenye kibanja cha baba yako, na mvua ambayo haikuwa ya msimu wake.

Shule ilipofunguliwa wakanipa mikondo yote miwili, chumba kimoja, watoto wanne kila dawati. Nilikuwa nimesubiri jambo hilo, sitaficha. Nilifikiri sasa watajua mwalimu ni nani. Siku ya kwanza msichana mmoja wako aliinua mkono akauliza kwa heshima kabisa, "Madam, hadithi tutasomewa lini?" Nikamwambia hapa tunasoma kitabu. Akakaa. Wenzake hawakunung'unika, walitazama chini tu, na Alinda alikuwa mmoja wao.

Mwezi wa nane tukafika kwenye ufahamu wa treni. Mzee anafika stesheni, anakuta treni imeshaondoka, anakaa juu ya sanduku lake na kusubiri siku tatu. Watoto wangu wa A waliusoma kama maji. Nikauliza, kwa nini mzee alisubiri siku tatu? Wa kwanza akasema hakuwa na nauli. Wa pili akasema bodaboda walimkataa kwa sababu ya sanduku. Wa tatu akataka kujua kwa nini mzee hakukimbia mbele akaipungia mkono isimame, kama watu wanavyofanya na mabasi hapa Muleba. Nilianza kukasirika, halafu nikaona kwamba kwa dunia wanayoijua wao, walikuwa wamejibu vizuri. Hapa kwetu chombo kikikuacha kinakuja kingine baada ya nusu saa. Ni nani aliyewahi kuwaambia kuhusu reli?

Nikamwinua mmoja wa B. Akasema, "Treni haitoki kwenye reli yake, Madam, na haisimami njiani kwa ajili ya mtu mmoja. Na ile nyingine ina siku yake." Akakaa kana kwamba nimemuuliza jina la baba yake. Nikainua mwingine wa B, na mwingine. Wote walijua. Ulikuwa umewasomea ile hadithi ya Nyangoma na bibi yake wakisafiri kwa treni, pale kwenye tangi, kabla hujalala kitandani. Ulikuwa chini ya udongo miezi miwili, na bado ulikuwa unanishinda darasani kwangu.

Nilitoka nikaenda chooni nikalia. Usidhani nililia kwa ajili yako. Nililia kwa hasira.

Katoni ilikuwa kwangu. Mama yako alinipa siku tulipoondoa matanga. Aliniita nyuma ya nyumba akasema, "Alikuwa anakutaja sana. Hivi ni vya walimu, mimi nitavifanyia nini?" Niliiweka juu ya kabati na kuigeuza uso ukutani, kana kwamba katoni ina uso. Baada ya siku ile ya treni niliishusha nikaifungua. Nilikaa sakafuni nikasoma vijitabu vyote, ishirini na kitu, na nilikuwa natafuta makosa. Nikapata moja, ngamia uliyemchorea kwato za ng'ombe. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kisha nikafungua kile cha bandari, na mimi mwenyewe, mwenye zawadi ya chuo, nikajifunza kitu ambacho sikuwa nakijua kuhusu namna meli inavyofungwa isiondoke na maji.

Nikaanza kuwasomea. Kwanza ile ya treni, kwa ajili ya watoto wa A. Nilisoma vibaya, kwa haraka, sikuwaachia muda wa kutazama picha. Mtoto mmoja wa B akaniambia taratibu, "Madam, pale huwa tunasubiri kidogo." Nikasubiri. Kimya kile nilichokuwa nakisikia ukutani sasa kilikuwa chumbani mwangu. Kisha nikawasomea ile ya bandari, na wiki iliyofuata tulipofungua habari yake kitabuni, mikono iliyoinuka ilikuwa ya A na B, sikuweza kutenganisha.

Mwalimu Mkuu alikuwa anapita akasimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaja akashika kijitabu, akakigeuza huku na huku. Hakukuwa na jina. Hukuwahi kuandika jina lako hata kwenye kimoja, na nimekulaumu kwa hilo pia. Akauliza, "Umetengeneza wewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Labda lilikuwa linasubiri tangu chuoni. Ijumaa asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari, alitangaza kwamba zana za Madam Jasinta zitakwenda kuonyeshwa kwa walimu wa shule nyingine pale Muleba mjini, akaomba makofi. Madarasa madogo yakapiga. Mstari wa darasa la sita ulisimama mikono ikiwa mgongoni. Watoto wako walinitazama tu, Kemi, na hawakunitazama kwa ubaya. Walikuwa wananisubiri nirekebishe, kama wanavyosubiri nikikosea hesabu ubaoni.

Jioni ile tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Alinda alitoa kijiwe akakitupa nje. Kisha akasema, "Ile ya treni niliipaka rangi mimi." Nikauliza lini. Akasema, "Saa kumi. Na Madam. Magurudumu ni ya zambarau kwa sababu nyeusi iliisha." Hapakuwa na kwaya. Kwa miezi yote ile aliketi kando yako akipaka rangi, na wewe ulikuwa unamsimulia mambo, na saa kumi na moja unusu alirudi kwangu kuniuliza kama chakula kiko tayari. Kama nisingekushtaki, zile hadithi zingebaki kwenye vipindi, na binti yangu asingekuwa na saa zile na wewe. Mimi ndiye niliyekupa.

Tangu siku hiyo akaacha kuniita Mama. Hakunikosea adabu. Aliniamkia, aliniletea maji, akaosha vyombo. Lakini alikuwa ananiita Madam, nyumbani, mezani. "Madam, chumvi hii hapa." Siku tisa.

Siku ya kumi ndiyo ilikuwa mkutano wa Muleba. Nilipanga vijitabu mezani, walimu wapatao arobaini, Mwalimu Mkuu mbele amevaa koti. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu maarifa ya awali, na ilikuwa nzuri, unajua mimi kwa hotuba. Nikasimama, nikafungua ile ya treni, nikaona magurudumu ya zambarau. Nikasema hivi si vyangu. Nikasema ni vya Mwalimu Kemilembe, amefariki mwezi wa sita, na mtoto wangu alimsaidia kupaka rangi. Ningeweza kuishia hapo. Nikaendelea, nikasema alipokuwa hai mimi ndiye niliyekwenda kumshtaki ili hadithi hizi zitolewe kwenye vipindi, na nilifanya hivyo kwa wivu. Mwalimu Mkuu akainama akatafuta kitu kwenye mafaili yake ambacho hakikuwepo.

Unajua kilichofuata? Hakuna aliyenizomea. Hakuna aliyenisifu pia. Mwalimu mmoja wa kule visiwani akasimama akasema, "Huyo namfahamu. Ya kibibi na kahawa tunayo, tumeinakili mara tatu, bado tunaisomea watoto." Basi wote wakamgeukia yeye wakaanza kuuliza habari zako, ulikuwaje, ulianza vipi. Nikaachwa nimesimama na kijitabu mkononi. Hata kukiri kwangu, Kemi, faida yake ulichukua wewe. Nilikaa nikahisi ule mwiba wa siku zote, mahali pake pale pale. Nilikuwa nimedhani vijitabu vyako vyote viko kwenye katoni yangu.

Mwalimu Mkuu aliniita pembeni wakati wa chakula. Nilitegemea barua ya onyo. Akasema, "Na mimi nilisikiliza upande mmoja." Kisha akasema mwakani hadithi zitarudi kwenye vipindi, na nitafute manila kwa ajili ya nakala.

Niliporudi nyumbani Alinda alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia nilichosema. Akauliza, "Na ile ya kumshtaki Madam?" Kumbe alijua. Watoto wote walijua, mlango wa ofisi ile haufungiki vizuri. Nikasema, ndiyo, na hiyo nimesema. Akaendelea kumenya ndizi mbili nzima. Halafu akasema, "Mama, nipe kisu kingine, hiki ni butu." Nikampa.

Kama watoto walijua, basi labda na wewe ulijua. Nimefikiria sana kidole changu ulichokishika pale hospitali. Kama ulijua, na bado ukaniachia watoto wako, nakuonea wivu kwa hilo kuliko picha zote. Mimi nisingeweza.

Nimejaribu kutengeneza moja yangu, kuhusu chumvi inavyopatikana baharini, maana mwakani somo hilo lipo. Mistari imekaa vizuri. Picha zimeshindikana. Watoto waliangalia bahari yangu wakauliza kama ni shamba la mpunga. Alinda ameichora upya, na mawimbi yake yana mkunjo wako. Simwambii.

Kesho nitamwambia mama yako yote, na lile la kukushtaki. Akitaka katoni yake nitamrudishia, nakala ziko shuleni. Akitaka kunifukuza nitaondoka taratibu.

Pumzika, dada yangu. Sitakuahidi kwamba wivu utakwisha, umeshanisikia nikidanganya mara nyingi mno. Ninachoahidi ni hiki: jina lako limeandikwa sasa kwenye kila kijitabu, kwa mwandiko wangu, ule uliokuwa unaunakili. Nitalisoma kwa sauti mbele ya darasa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, kila mara, hata zile siku ambazo kulitamka kutaniuma.

Jasinta, wa mkondo A